Maswali na Majibu: Kitani cha Kale cha Uingereza

Mwenye nyumba wangu hapa London amenipa pazia zito la kitani lenye mti mkubwa, majani yaliyojikunja na ndege. Anasema ni la miaka ya 1600. Kweli?

Mchoro ni wa enzi hizo, kitambaa huenda si cha wakati huo. Katika karne ya 17 majani kama hayo yalidariziwa kwa mkono, kwa nyuzi za sufu. Mtindo huitwa Jacobean, kutokana na Jacobus, jina la Kilatini la Mfalme James wa Kwanza (1603–1625). Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 ulipendwa upya, safari hii ukachapwa. Geuza pazia: darizi huacha mishono nyuma, chapa huacha kivuli cha rangi tu. Kisha kodolea jani moja. Wachapaji wengine walichora hata mishono ya sindano, mstari kwa mstari, kwa ustadi ambao bado unanishangaza. Na huo mti una asili ya India pia. Vitambaa vya pamba vyenye miti kama hiyo vilifika Uingereza kwa meli za East India Company, kampuni ya biashara ya Uingereza.

Nitajuaje kama ni chapa ya kibao cha mbao?

Tafuta vinukta kwenye pembe za picha, alama za pini za kulinganishia kibao. Lakini kibao peke yake si ushahidi wa ukongwe: rola, silinda ya kuchapia vitambaa, ilipata hataza mwaka 1783, na bado kampuni kama G P & J Baker, iliyoanzishwa 1884, ziliendelea na vibao hadi karne ya 20.

Kitambaa changu kina nyuzi 3 za buluu ukingoni.

Basi huenda si kitani bali ni pamba tupu ya Uingereza, maana nyuzi hizo zilikuwa alama yake kati ya 1774 na 1811. Hongera!

Pazia lina vumbi. Nilitie kwenye mashine?

Tafadhali usifanye hivyo. Niliwahi kulowesha kipande changu, wekundu ukavujia majani yote, na hadi leo naumia nikikiona. Gandamiza pamba yenye unyevu juu ya kila rangi. Ikishika rangi, maji yasiguse kitambaa. Vumbi livute kwa mashine ya nguvu ndogo, ukitandaza chandarua juu. Usilikunje, maana kitani kikongwe hukatika kwenye mkunjo. Lizungushe kwenye bomba la karatasi, mbali na jua.

Naweza kulikata nitengeneze foronya za mito?

Kama bado ni zima, nakusihi usilikate. Vipande vilivyokwisha chanika ndivyo vya foronya.