Chombo kikuukuu na safari ndefu: anzieni kwenye upepo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu aliyepata chombo kikuukuu cha tanga, na ana nia ya kusafiri nacho mbali, aanzie wapi kukitengeneza? Nimewaona wengi wakianzia rangi, na wengine tanga jipya. Mimi nasema aanzie kwenye msimu wa pepo. Ajue kwanza ataondoka lini na kwa upepo gani, kisha ahesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kukipandisha pwani. Baada ya hapo alale chini ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, na asiinuke upesi.

Naandika kutoka Lamu, ambako sisi jamaa tunatengeneza jahazi la marehemu ami yangu kwa nia ya kuteremka nalo hadi Unguja na Kilwa. Kwetu hesabu ni hii. Kaskazi hushika Desemba ikaendelea hadi Machi, na ndio upepo wa kwenda kusini. Kusi huanza Aprili, na kati ya Mei na Julai huvuma kwa nguvu, bahari ikachafuka na vyombo vingi vikapumzika. Hiyo ndiyo nafasi ya fundi. Basi chombo kipandishwe kwa maji ya bamvua, yanapojaa kupita siku nyingine, kifanyiwe kazi msimu wa kusi chini ya paa la makuti, kishuliwe majini kabla Novemba haijaisha, kijaribiwe Desemba, kiondoke Januari. Hata Flipflopi, dau lililoundwa hapa Lamu kwa taka za plastiki na kushuliwa 2018, lilingoja Januari 2019 ndipo likaelekea Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Anayejikokota mpaka mwisho wa Machi atakutana na upepo unaogeuka.

Sasa chini ya chombo. Ukishakwangua magamba na rangi ya zamani, chukua kisu chenye ncha na nyundo ndogo, upite ubao kwa ubao. Gonga usikilize: mbao nzima hulia kavu, iliyoliwa hutoa sauti ya uvungu. Adui mkubwa ni yule mdudu wa baharini atoboaye mbao, ambaye kwa kweli si mdudu, ni jamii moja na chaza. Huingia akiwa mdogo, kwa tundu lisilozidi la sindano, kisha hukulia humo humo na kuchimba njia ya upana wa kidole. Kwa nje ubao unaonekana salama, ndani hakuna kitu. Ndiyo sababu wazee walikuwa wakikipandisha chombo mara kwa mara, wakakichoma chini kwa moto wa makuti, wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Hiyo haikuwa mila ya kupendeza macho. Moto humuua mdudu aliyemo, na deheni humzuia anayetaka kuingia.

Kuna jambo moja ambalo wanaonunua vyombo vya zamani huambiwa mara chache: maji ya bahari hayaozeshi mbao kama maji ya mvua. Chumvi huhifadhi. Uozo huanzia juu, pale sitaha inapovuja, maji baridi yakashuka kwenye vichwa vya mataruma, zile mbavu za chombo, na kukaa humo bila hewa. Kwa hiyo fungua ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, toa kila kitu, safisha matundu ya kupitishia maji, na uchome kisu kwenye kila taruma. Pale kisu kinapozama bila nguvu, hakuna dawa wala rangi itakayosaidia. Ukate.

Lakini usikate yote kwa pamoja. Umbo la chombo linashikwa na mataruma, na ukiyatoa ya upande mmoja yote, mbao zitajinyoosha na chombo kitalegea kisirudi tena kama kilivyokuwa. Fundi mzuri hutoa moja, hutia moja, huku chombo kimeegemezwa magogo kila upande. Na taruma jipya halipindwi kwa msumeno. Hutafutwa kwenye mti uliopinda wenyewe, mtondoo au mkomafi, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo. Mkomafi ni jamii ya mikoko, na mikoko inalindwa, kwa hiyo kibali kiombwe mapema, maana kibali nacho kinakula siku za kusi.

Misumari itazamwe kwa makini vilevile. Msumari wa chuma ukishika kutu huvimba, ukaulainisha mti unaouzunguka, mwisho hata ukigongwa upya haushiki. Mpya itiwe mahali pengine, tundu litobolewe kwanza kwa keekee, na shingo ya msumari ifungwe pamba iliyotiwa mafuta. Kisha kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba. Hapa vijana wenye nguvu huharibu kwa bidii yao: wanashindilia pamba mpaka ubao mkavu unalia. Ubao huo ukiingia majini utavimba, na pamba iliyojaa kupita kiasi itasukuma mbao na kung'oa misumari. Acheni fundi mzee apige kalafati. Matondoni, hapa kisiwani kwetu, wapo, na Nungwi kule Unguja wapo, wanaojua kwa sauti ya nyundo kwamba imetosha.

Inafaa pia kuamua mapema kama unataka chombo cha kutazamwa au cha kusafiria. Kule Sur, Oman, watu wanakitunza Fatah al-Khair, kilichoundwa 1951 na kurudishwa kutoka Yemen 1993. Sasa kimewekwa nchi kavu, na wanaokizuru wanajifunza historia kubwa. Ninakiheshimu sana. Ila chombo cha aina hiyo kinaweza kubaki na ubao wake wa kwanza, hata kama umechoka, kwa sababu hakidaiwi na mawimbi. Cha safari hakina ruhusa hiyo. Ami yangu mwenyewe alikwisha kubadilisha mbao nyingi za jahazi letu, na kwangu mimi ni jahazi lile lile.

Ya juu nitayapita haraka. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikaguliwe nyufa, hasa katikati inapofungwa. Jarari, kamba ya kupandishia na kutulia tanga, na gofia, kapi yake, viwe vipya. Sijali bei, kwa sababu tanga lisiloweza kutuliwa kwa haraka wakati wa dhoruba ni hatari kwa kila aliyemo. Nanga mbili. Dira ya kweli hata kama kila baharia ana simu. Redio ya VHF, ya kuzungumzia baharini, na kila mtu ajue kwamba wito wa dharura ni chaneli 16. Maboya ya kuvaa kwa idadi ya watu, na maji ya kunywa katika vyombo kadhaa tofauti, ili kimoja kikipasuka msikose yote. Karatasi za uhamiaji na forodha zishughulikiwe kabla, kwa kuwa kutoka Kenya kuingia Tanzania ni kuvuka mpaka.

Chombo kikishashuliwa kitavuja. Kiache siku kadhaa majini, mkifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kwa zamu, mpaka mbao zivimbe na kufungana. Kisha kitiwe farumi, uzito wa kukituliza, na kipelekwe mahali kitakapoteswa. Sisi tumechagua kisiwa cha Kiwayu, kaskazini yetu, tukipitia bahari ya nje badala ya mlango wa ndani wa Mkanda, mwezi wa Desemba. Kaskazi itatupiga usoni, tutalazimika kwenda joshi, karibu na upepo, na kubisha, yaani kugeuza upande huu na huu, njia nzima, na hapo ndipo kila kiungo kitavutwa. Ngama itapimwa kila zamu na maji yataandikwa. Tukiona yanazidi kadiri tunavyobisha, jahazi litarudi pwani na Unguja itangoja kaskazi nyingine. Hilo tumeshalikubali nyumbani, na mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema.

Msomaji, Lamu