Laptop haiingizi chaji? Usikimbilie kununua betri

Maneno "Plugged in, not charging" yakitokea kwenye kona ya skrini, watu wengi huenda moja kwa moja dukani kununua betri. Betri ni kitu cha gharama, na mara nyingi kosa si lake. Umeme hupita sehemu nne: chaja, tundu la kuchajia, saketi ya bodi inayoamua kama ichaji au isichaji, kisha betri yenyewe. Yoyote kati ya hizo inaweza kugoma, na dalili kwenye skrini ikawa ileile moja.

Ninaandika zaidi nikizifikiria laptop za ofisini zilizotumika nje ya nchi, zile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Mara nyingi chaja unayopewa nazo siyo iliyotoka nazo kiwandani, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Tazama kwanza imesimama kwenye asilimia ngapi

Ikisimama kwenye 80, au kwenye 60, na haipandi hata ukiiacha usiku kucha, yaelekea hakuna kilichoharibika. Huo ni mpangilio wa kulinda betri. Kwenye Lenovo IdeaPad huitwa Conservation Mode na kwenye ThinkPad huitwa Battery Charge Threshold, umo ndani ya programu ya Lenovo Vantage. Kwenye HP za ofisini uko BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguka kabla ya Windows), unabonyeza F10 mara tu unapowasha, kwa jina la Battery Health Manager. Kwenye Dell bonyeza F2, nenda Power Management, kisha Primary Battery Charge Configuration. Pengine aliyeitumia kabla yako ndiye aliyeuweka, na ukiwa BIOS hauondoki hata ukipiga Windows upya. Kama laptop yako inashinda kwenye umeme, ningekushauri uuache hapo hapo, kwa sababu betri ya lithiamu huchakaa haraka ikikaa imejaa pomoni kwenye joto.

Ikisimama kwenye 96 au 97 pia usihangaike. Laptop nyingi hazianzi kuchaji upya mpaka betri ishuke chini ya 95 hivi.

Iliyoganda kwenye sifuri, au inayoshuka huku imechomekwa, hiyo ndiyo yenye tatizo.

Chaja

Taa ya chaja kuwaka siyo ushahidi kwamba ni nzima. Igeuze usome mstari ulioandikwa OUTPUT. 19.5V 2.31A ni wati 45, 19.5V 3.34A ni wati 65, 19.5V 4.62A ni wati 90. Za Lenovo zimezoeleka kuwa 20V 3.25A, nazo ni wati 65. Unazidisha volti kwa ampea, basi. Kisha soma maandishi ya chini ya laptop uone inataka ngapi. Volti zilingane. Ampea za chaja ziwe sawa au zaidi. Zikizidi hazina madhara, kwani laptop huvuta inachohitaji tu. Zikipungua ndipo shida inapoanza: laptop ya wati 65 ukiipa chaja ya 45 itachaji ikiwa imezimwa, lakini ukiiwasha na kuipa kazi nzito asilimia zinasimama au zinashuka. Ukiona inachaji ikizimwa na inagoma ikiwashwa, anza na chaja kabla ya kitu kingine chochote.

Dell na HP nyingi zina kipini chembamba katikati ya mdomo wa chaja. Kipini hicho hakileti umeme wa kuchajia. Kazi yake ni kuitambulisha chaja, laptop ijue imechomekewa ya wati ngapi. Kikipinda, au waya wake ukikatika ndani ya kebo, laptop inawaka kama kawaida ila betri haiguswi, na prosesa inapunguzwa kasi mpaka mashine inakuwa nzito bila sababu ya kueleweka. Dell hasa ndivyo ilivyo, na inapowaka husema wazi kwamba aina ya chaja haijulikani. Ingia BIOS kwa F2 kwenye ukurasa wa betri, uone chaja imetambuliwa kuwa ya wati ngapi. Ikiwa haikutambuliwa, azima chaja nyingine ya Dell uijaribu kabla hujafungua skrubu hata moja.

Ukiwa na mita ya fundi (multimeter), pima volti za DC. Mita za bei nafuu zina kipimo cha 20 na cha 200, weka 200. Ukiweka 20 ukapima chaja ya Lenovo inayotoa 20.2, mita itaandika 1 peke yake upande wa kushoto, na utadhani chaja imekufa kumbe kipimo kimezidiwa. Ncha nyeusi iguse chuma cha nje, nyekundu iguse ukuta wa ndani, wala isikiguse kipini cha katikati: ukiunganisha viwili hivyo unapeleka volti 19 kwenye waya wa utambulisho, na saketi yake inaweza kuungua. Chaja ya 19.5 isome kati ya 19 na 20. Chezesha waya pale unapoingia kwenye mdomo. Namba ikiruka kwenda sifuri na kurudi, umekatika ndani. Hapo ndipo nyingi zinapokatikia.

Volti nzuri bila mzigo bado haithibitishi kitu. Chaja bandia inaweza kusoma 19.5 safi kisha ikaanguka laptop inapoanza kuvuta. Kipimo cha kuamini ni chaja nyingine nzima yenye wati zilezile. Wale wanaolaumu umeme mdogo wa jioni nao wasome mstari wa INPUT: chaja nyingi za laptop zinapokea 100 mpaka 240V, hivyo kushuka kidogo kwa umeme hakuzisumbui.

Kwa zinazochaji kwa USB-C, chaja ya simu ya wati 18 au 25 mara nyingi haitoshi, na laptop inaweza kuikataa kabisa. Tafuta yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa USB-C) inayotoa 20V. Juu ya wati 60, hata kebo inabidi iwe ya ampea 5. Kebo ya kawaida itabana chaji hata chaja ikiwa ya wati 100. Hakikisha pia umechomeka kwenye tundu linalopokea umeme, kwani mengine ni ya data tu.

Tundu la kuchajia

Zima, chomoa, mulika kwa tochi ya simu. Vumbi na nyuzi za begi zitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, siyo sindano. Miji ya pwani ina unyevu wa chumvi. Ukiona ukungu wa kijani kwenye chuma, hiyo ni kutu ya shaba, na inahitaji kusafishwa na fundi. Mdomo ukicheza na chaji ikaja ukiuegemeza upande mmoja tu, tundu limelegea. Usiendelee kuegemeza, kwa sababu cheche ndogo zinalichoma taratibu. Kwenye laptop nyingi za ofisini tundu hilo limeunganishwa na bodi kwa waya mfupi, kwa hiyo fundi analibadilisha bila kuchomea chochote.

Kuiamsha upya

Saketi inayosimamia chaji huweza kuganda, hasa umeme ukikatika na kurudi ghafla. Zima laptop kabisa: shikilia Shift unapobofya Shut down, la sivyo Windows hujizima nusunusu. Chomoa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha betri, chomeka chaja, iache nusu saa bila kuiwasha. ThinkPad nyingi ambazo betri yake haitoki zina kitobo chini. Chomoa chaja, kisha ingiza kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, ubonyeze taratibu.

Ule ushauri wa kufuta dereva ya betri (driver, programu inayoiunganisha betri na Windows) kwenye Device Manager umevuma kuliko unavyostahili. Unachukua dakika moja, jaribu, usipofaa songa mbele.

Ripoti ya betri

Fungua Command Prompt ya kawaida (dirisha la Windows la kuandika amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Faili la battery-report.html litahifadhiwa kwenye folda yako ya mtumiaji; ukiifungua kama administrator litaishia System32 na utalitafuta sana. Linganisha namba mbili: DESIGN CAPACITY, uwezo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki. Kama ya kwanza ni 46,500 mWh na ya pili 27,900, imebaki asilimia 60. Hiyo bado inatumika. Ikifika chini ya 50, au ikiruka kutoka 40 kwenda 7 na kuzimika, seli zimechoka na hapo betri mpya ni haki yake. Namba zikilingana sawasawa lakini betri inamaliza dakika 40, usiziamini. Chipu iliyo ndani ya betri ndiyo inayozitoa, na haisemi kweli.

Betri iliyokaa miezi bila kuchajiwa inaweza kushuka mpaka saketi yake ya ulinzi ikaifunga. Iache kwenye chaja sahihi, laptop imezimwa, kwa saa mbili tatu. Isipoamka, usikubali fundi aichokoze kwa umeme wa moja kwa moja. Seli ya lithiamu iliyoshuka kupita kiasi shaba yake ya ndani huyeyuka, na ukiijaza tena inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka moto.

Na kama sehemu ya kugusia (touchpad) chini ya kibodi imenyanyuka, au laptop haikai sawa mezani, betri imevimba. Acha kuichaji leo hii. Usiitoboe, usiiminye, usiitupe na taka za nyumbani. Itolewe na fundi na ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

Ukishahakikisha ni betri

Nunua kwa namba ya modeli iliyoandikwa juu ya betri yenyewe, siyo kwa jina la laptop. EliteBook 840 G3, kwa mfano, hutumia CS03XL. Ya seli 3, yenye volti 11 na kitu, usiibadilishe na ya seli 4 yenye 14 au 15. Dukani waambie waifunge, kisha toeni ripoti ileile hapo hapo: FULL CHARGE CAPACITY iwe karibu na DESIGN CAPACITY, na CYCLE COUNT, idadi ya mizunguko ya kuchajiwa, iwe sifuri au chache sana. Ikisoma mamia, hiyo ni iliyotumika.

Na kama chaja ni nzima, tundu ni zima, na betri mpya nayo haiingizi chaji, basi ni bodi. Mpelekee fundi anayepima saketi, umwambie umeshajaribu nini, na kabla hajachomea chochote mwombe akuonyeshe kwa mita umeme unaishia wapi.