Ndoo ya Jioni Iliua Nyanya Zangu Kabale

Wewe uliyehamia Kabale, huku milimani kusini-magharibi mwa Uganda, ukitoka Kampala au Jinja, ngoja Juni ifike. Mvua za Machi hadi Mei zimekatika, mchana jua linawaka, usiku unajifunika blanketi mbili. Mgeni akiona udongo umepauka juu, mbio kwenye ndoo. Nami nilikimbilia.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwagilia nyanya kila jioni kama nilivyozoea. Asubuhi moja ya Julai nikakuta majani yana mabaka ya kahawia iliyoiva, kama yamemwagiwa maji ya moto. Nikageuza jani: chini kuna utando mweupe mithili ya unga. Wiki haikuisha, nikawa nang'oa.

Ni bakajani chelewa, ugonjwa uleule wa viazi ulaya. Hupenda ubaridi na jani linalokaa limelowa saa nyingi. Huku tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi bonde lote limejaa ukungu. Ukimwagilia jioni, maji yako yanapokezana na umande, jani linalala limelowa na kuamka limelowa. Sasa namwagilia saa nne asubuhi, kwa kopo, shinani tu. Hata hivyo natia kidole udongoni kwanza. Nikikuta unyevu, naweka kopo chini. Wakati wa baridi mmea hunywa kidogo.

Chunguza pia viazi vilivyosahaulika ardhini msimu uliopita. Vikichipua vyenyewe utavionea huruma (bure hiyo!), lakini mara nyingi ndivyo vinavyobeba ugonjwa. Vifukie mbali, usivitupe kwenye shimo la mboji.

Kabichi, karoti, sukuma wiki na njegere (njegere hapa wanaziita obushaza) hazina shida na baridi. Sukuma hata huwa tamu zaidi. Mboga za majani kama nakati na dodo (mchicha) zitadumaa, usizilaumu. Mbegu nazo huchelewa kuota, kwa hiyo usifukue kitalu kuchungulia. Na kama shamba lako liko mteremkoni, weka kitalu juu kidogo: usiku baridi huteremka kama maji na kutuama bondeni.

Nyanya sijaziacha. Nina miche minne chini ya upenu wa mabati, upande wa mashariki. Umande hauifikii, na jua la asubuhi huipiga yenyewe kwanza.