Rigi salama na chambo cha kapu: jibu langu kwa ndugu wa Kasarani

Ndugu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umenunua rodi na rili, umeenda bwawani mara tatu na ile seti ya springi yenye ndoano sita, ukabandika ugali. Mara mbili kapu, yule samaki mkubwa wa matopeni ambaye Waingereza humwita carp, amekukatia mshipi na mara zile nyingine ugali umeliwa na samaki wadogo hadi ukarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa unauliza rigi ipi, yaani ule mpango wa ndoano, uzi na chubwi (kile kizito cha kuzamishia) mwishoni mwa mshipi, na chambo kipi. Mimi kapu nimemvua miaka kumi na moja, Naivasha na Masinga, na wikendi ambazo siwezi kufika mbali nakwenda mabwawa ya kulipia ya upande wa Limuru. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Nianze na neno ulilolipita haraka: "amekata". Huyo samaki aliyekata mshipi ameondoka na nini mdomoni? Hapo ndipo rigi inapochaguliwa. Mengine yote, chambo, urefu wa uzi, uzito wa chubwi, yanakuja baadaye.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nafunga chubwi moja kwa moja kwenye mshipi, fundo juu na fundo chini, ili lisiteleze. Lilikuwa la gramu 80, na nilikuwa nayapaka machubwi yangu rangi ya kucha nyekundu ili nisiyapoteze nyasini. Jumamosi moja kapu aliniingia kwenye mafunjo, nikavuta kwa pupa, mshipi ukakatika juu ya chubwi. Nikafunga mwingine, nikaendelea na siku yangu. Jumapili ya wiki iliyofuata nikarudi bwawa lile lile. Hakukuwa na upepo, lakini kulikuwa na kishada kimoja cha mafunjo kinachotikisika kidogo, kinatulia, kinatikisika tena. Mzee mlinzi wa bwawa akaingia na gambuti, akainama, akamtoa kapu wa kama kilo tatu. Mshipi ulikuwa umejizungusha kwenye mashina, ubavu mmoja umechubuka magamba hadi nyama inaonekana, matamvua yamepauka. Chini ya kidevu likaning'inia chubwi lenye rangi ya kucha. Mzee akaniuliza, "Kijana, hili si lako?" Lilikuwa langu. Siku nane yule samaki alikuwa amefungwa pale.

Tangu siku hiyo sitii rigi majini kabla ya kuijaribu kwenye kitasa cha mlango. Fanya hivi: funga rigi yako yote kama utakavyoitumia, kisha kata mshipi nusu mita juu ya chubwi, kama vile samaki amekukatia. Pitisha ndoano kwenye kitasa, shika chubwi kwa vidole viwili, livute polepole. Likiteleza na kutoka kwenye mshipi, au likiachia kwenye kibanio chake, rigi hiyo ni salama. Likigoma, ifungue uanze upya. Inachukua dakika moja.

Rigi rahisi inayopita jaribio hilo ni ya chubwi linaloteleza. Mshipi unapita ndani ya tundu la chubwi, chini yake unaweka ushanga wa kulinda fundo, kisha kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, kisha uzi mfupi wa ndoano wa sentimita 15 hadi 20. Basi. Mshipi ukikatika juu, chubwi linabaki matopeni na samaki anaondoka na ndoano na kipande cha uzi tu. Lakini angalia: ukiunga mshipi mnene mbele ya ule mwembamba, lile fundo la kuungia linaweza kulizuia chubwi lisitoke. Watu wengi hudhani wako salama kwa sababu chubwi lao linateleza, kumbe kuna fundo juu linalolingoja. Tumia mshipi mmoja kuanzia rili hadi kwenye kiungo.

Penye magogo na mawe, kama Masinga, mimi hata chubwi la risasi situmii. Naokota jiwe refu la ukubwa wa yai la kuku, nalizungushia uzi wa kawaida wa kushonea nguo, wa pamba, na kulifunga kwenye ushanga unaoteleza. Uzi wa pamba ni dhaifu kuliko mshipi mara nyingi. Jiwe likikwama, uzi unakatika na samaki anakuja. Halina gharama, na risasi haibaki majini. Ubaya wake ni kwamba ukirusha kwa nguvu sana jiwe hukatika hewani, kwa hiyo rusha kwa mkono wa taratibu, na hakikisha hakuna mtu mbele yako.

Ile springi ya ndoano sita, ndugu yangu, iweke kando. Najua inauzwa kila mahali na ni rahisi kutumia: unakandika tonge la ugali juu yake na ndoano unazichomeka pembeni. Kapu akija kulivuta tonge, ndoano moja inaingia mdomoni na zile tano zinazobaki zinatafuta pa kushika akianza kupigana. Nimewaona wenye ndoano kwenye jicho, kwenye tumbo, kwenye mzizi wa pezi. Hata kama unampeleka nyumbani kumla, na wengi wetu tunamla, hakuna sababu ya kumleta hivyo. Na akikukatia, anaondoka na springi nzima. Ndoano moja inatosha. Kile kijino kilicho nyuma ya ncha yake kibane kwa plaizi hadi kilale. Ukishikilia mshipi ukiwa umekaza, samaki hatoki, na siku ndoano itakapoingia kidoleni mwako au mwa mtoto utaitoa bila kwenda hospitali.

Sasa chambo, na hapa kuna jambo ambalo wavuvi wetu wengi hawajaambiwa. Kapu hang'ati. Midomo yake haina meno. Meno yake yako kooni. Anatembea chini akipapasa tope kwa sharubu zake nne, ananyonya kitu, anakionja, kisichompendeza anakitema, yote hayo kwa muda mfupi kuliko wewe kugeuza shingo kuitazama rodi. Ndoano iliyozama ndani ya tonge la ugali anainyonya pamoja na ugali, anasikia uzito na ugumu wa chuma, anaitema. Wewe huoni kitu. Pengine katika zile safari zako tatu kapu walikuonja mara kumi.

Dawa yake ilipatikana Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, na Len Middleton na Kevin Maddocks. Badala ya kuchoma chambo kwenye ndoano, walikining'iniza nyuma yake kwa uzi mwembamba; mwanzoni walitumia unywele halisi wa binadamu, ndiyo maana hadi leo unaitwa unywele. Ndoano inabaki tupu. Kapu ananyonya chambo kinachoning'inia kama chakula huru, ndoano inafuata nyuma, na akijaribu kutema, ncha inashika mdomo wa chini, pale penye nyama ngumu. Samaki aliyeshikwa hapo anafunguliwa kwa sekunde mbili. Kwa hiyo kile kinachokupatia samaki wengi ndicho pia kisichomuumiza samaki sana, jambo ambalo kwenye uvuvi halitokei mara nyingi.

Kuufunga si kazi. Kata uzi wa sentimita 30. Mwishoni mwake funga kitanzi kidogo cha kupitisha kijiti cha kiberiti. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, acha kitanzi kining'inie nyuma ya mkunjo, kisha upande mrefu uzungushe kwenye shina la ndoano mara saba au nane ukishuka, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake, ukiubana ule unywele chini yake. Mwisho rudisha ncha ya uzi kwenye tundu, ukiingilia upande wa mgongo wa ndoano na kutokea upande wa ncha. Ukikosea hapo ndoano haitageuka. Lowesha kwa mate, kaza. Kisha iburute juu ya kiganja chako kwa kuvuta uzi: ndoano nzuri hujigeuza yenyewe na ncha ikaelekea chini kutafuta ngozi. Ikilala ubavu na kupita tu, fungua. Mimi hutumia ndoano namba 8 kwa mahindi, namba 6 kwa chambo kikubwa, na kati ya mkunjo wa ndoano na chambo huacha nafasi ya nusu sentimita hivi.

Mahindi yenyewe ni yale yale ya githeri. Loweka gorogoro moja kwa siku nzima, chemsha hadi punje ipasuke kidogo ukiibonyeza kwa kucha, kisha yaache yapoe kwenye maji yake na yakae siku mbili, yawe na ule utelezi na harufu ya uchachu. Usimwagie samaki punje kavu au iliyoloweshwa nusu. Nafaka kavu huvimba, na afadhali ivimbe kwenye sufuria yako kuliko tumboni mwake. Njugu ni hivyo hivyo, na zenye ukungu usiziguse kabisa. Kuvu ile inayotuumiza sisi haimwachi samaki.

Punje mbili kwenye unywele, na nyuma yake kipande cha patapata kuukuu. Hili nalipenda sana. Kata kipande cha ile sponji ya patapata kwa ukubwa wa punje ya mahindi, cha njano kama unacho, kitoboe kwa sindano ya kufuma, kivute pamoja na mahindi, na kijiti kidogo cha jino ndani ya kitanzi kuzuia visitoke. Kisha weka kwenye glasi ya maji. Kikielea juu, punguza sponji kwa wembe. Unataka kizame taratibu, ndoano ilale chini na punje zisimame juu yake, kama zinasitasita. Uzito wa chuma unakuwa umefutika. Kapu akinyonya, chambo kinaruka kuingia ndani kuliko punje nyingine zote zilizo pale. Tangu nianze kufanya hivi, siku ambazo zamani ningepata mmoja napata watatu.

Samaki wadogo wakizidi, mahindi yenyewe yatakuwa magumu kwao. Ngege wataparura lakini hawawezi kuyatoa kwenye unywele. Naivasha kuna msumbufu mwingine, kambamti wekundu walioletwa ziwani humo mwaka 1970, nao hukata chochote laini. Kwao natengeneza vitonge vigumu: omena iliyokaushwa na kusagwa, unga wa soya, unga wa ngano kidogo, nakanda kwa mayai matatu au manne bila maji, naviringa kwa ukubwa wa gololi ndogo, nachemsha dakika mbili tatu, naanika kivulini hadi kesho yake. Jikoni kutanuka, mwombe mama watoto radhi mapema. Harufu ya omena inafika mbali kwenye maji ya tope.

Chakula cha kutupa pembeni kisizidi konzi nne tano kwa mwanzo. Kikombe kimoja kila baada ya kumpata samaki. Watu humwaga ndoo nzima, kinachobaki kinaoza chini, na kwenye bwawa dogo uozo huo unakula hewa ambayo samaki anaitegemea. Julai maji yakiwa baridi punguza hata zaidi.

Breki ya rili ilegeze. Kapu mkubwa anapoondoka, mshipi wa kilo 5 au 6 unatosha ukimwachia akimbie. Ukifunga breki hadi mwisho hakuna mshipi utakaostahimili. Funga kengele kwenye ncha na usiiache rodi ukaenda kununua chai. Wavu wa kuopolea uwe umelowa, gunia la kumlaza liwe limelowa, mikono pia. Utelezi wa ngozi yake ndiyo kinga yake dhidi ya vidonda, na mkono mkavu au majani makavu vinaufuta.

Mambo mawili ya haraka. Uliza leseni ya uvuvi wa burudani kwa ofisi ya samaki kabla ya kwenda ziwa la umma, na uulize pia kama msimu umefungwa. Na Naivasha usikae kwenye nyasi za ukingoni jioni. Kiboko hutoka bila hodi. Masinga usiingie majini hata hadi magotini, kuna mamba.

Kwa sasa funga ule unywele mara kumi ukiwa nyumbani, fanya jaribio la kitasa, kisha weka picha hapa kabla hujaenda. Nitaangalia huo mzunguko wa mwisho umepita upande gani wa tundu, kwa maana hapo ndipo karibu kila anayeanza hukosea.