Kutoka mizunguko ya mota hadi kasi ya uso wa rola

Mkuu, umeuliza: mota ya mizunguko 1440 kwa dakika, giaboksi ya 20:1, sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) ya meno 15 inayovuta ya meno 30 iliyo kwenye rola, rola ya kipenyo cha milimita 89. Uso wa rola unakwenda kasi gani?

Gawanya 1440 kwa 20, unapata 72 kwenye shafti inayotoka giaboksi. Zidisha kwa 15, gawanya kwa 30: rola inazunguka mara 36 kwa dakika. Mzingo wake ni 3.1416 × 0.089, yaani mita 0.2796. Zidisha kwa 36, jibu ni mita 10.07 kwa dakika.

Hiyo 1440 ichukue kwenye kibao cha mota, kile chenye maelezo yake. Wengi huandika 1500 kwa kuwa ni mota ya poli nne kwenye umeme wa hezi 50, lakini hiyo ni kasi ya uga wa sumaku. Rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ikiwa na mzigo hubaki nyuma yake. Ukiitumia, jibu linazidi kwa asilimia 4.

Kipenyo ndicho kinachopoteza watu zaidi. Rola ikivishwa mpira wa milimita 6, unene unaongezeka pande zote mbili: 89 inakuwa 101, na kasi inafika mita 11.42. Pima rola ilivyo sasa, usiamini mchoro, maana mpira ukilika kasi nayo inashuka. Kwenye puli za mkanda wa V, usipime ukingo wa nje. Mkanda unakaa ndani zaidi, tena huteleza kidogo. Mnyororo hauna shida hiyo, hesabu meno tu. Gia ya katikati haibadilishi uwiano, inageuza mwelekeo.

Ukitaka mita 12, rudi kinyume: 12 ÷ 0.2796 ni mizunguko 42.9. Halafu 72 ÷ 42.9 ni 1.68, mara meno 15 ni 25.2. Funga sproketi ya meno 25 kwenye rola badala ya ile ya 30, utapata mita 12.08. Ila mzigo uleule sasa unadai nguvu zaidi kwa asilimia 20, kwa hiyo pima ampea na ulinganishe na kibao kabla ya kuiachia ifanye kazi kutwa.

Kuhakiki, chora alama ya chaki kwenye rola uhesabu kwa dakika nzima. Fanya hivyo rola ikiwa na mzigo: ikiwa tupu mota hukaribia 1500, na utaona 37 badala ya 36.