Mnajuaje kwamba DNA ni ya marehemu, si ya mchimbaji?

SWALI: Nasikia DNA ya mifupa ya kale huonyesha watu walivyohama. Lakini mfupa huo umekaa ardhini maelfu ya miaka, kisha ukapita mikono mingi. Mnajuaje mnachosoma ni cha marehemu?

JIBU: Hofu yako ni ya haki, na iliusumbua sana utafiti huu katika miaka yake ya mwanzo. Kinachotuokoa ni uchakavu wenyewe. DNA ikikaa sana hukatikakatika. Vipande tunavyopata mara nyingi havifiki hata herufi 100, yaani zile kemikali nne za DNA tunazoziita A, C, G na T. Tena kwenye ncha za vipande hivyo herufi C huharibika kikemia, ikasomeka T. Tukiona mageuzi hayo yamejaa nchani na yanapungua kadiri tunavyoingia katikati, tunajua tumepata cha kale. DNA ya mchimbaji aliyeushika mfupa juzi haina kovu hilo. Marehemu akiwa mwanamume, tunapima tena: ana kromosomu X (mojawapo ya nyuzi zinazobeba DNA) moja tu, basi X hiyo ikianza kusomeka kwa namna mbili, kuna mtu mwingine humo.

Joto huharakisha uharibifu, kwa hiyo tunauwinda mfupa mgumu mno unaozunguka sikio la ndani, maana huihifadhi DNA vizuri zaidi. Unatobolewa kwa keekee ndogo, na unga wake kidogo tu hutosha. Ndivyo ilivyopatikana jenomu, yaani DNA nzima, ya mwanamume wa pango la Mota, Ethiopia, aliyeishi miaka 4,500 hivi iliyopita. Ilitangazwa mwaka 2015.

Na hapo ndipo uhamaji unapoonekana. Waethiopia wengi wa leo wana sehemu ya nasaba iliyotoka Eurasia, yaani Ulaya na Asia. Mtu wa Mota hana. Basi wageni hao walichanganyika na wenyeji wa huko baada ya zama zake. Ni vigumu kulithibitisha hilo kwa kupima walio hai peke yao.

Ila mfupa safi hauzuii kosa la hesabu mezani. Watafiti wa Mota walidai pia kwamba nasaba hiyo ya Eurasia ilienea karibu Afrika nzima. Mapema mwaka 2016 walitangaza masahihisho: hatua moja ya programu, ya kulinganisha data zao na za watu wengine, ilikuwa imerukwa. Dai la bara zima likaanguka. La Afrika Mashariki likabaki. Nawaheshimu kwa kulisema wazi, na mimi sasa huwaomba wanaonifuata kazini wairudie hesabu kuanzia data ghafi kabla hatujachora mshale wowote kwenye ramani.