Radhi Umeomba, Lakini Kodi Bado Unayo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ulikuwa ukipokea kodi ya nyumba ya marehemu baba yenu huko Kisauni bila kumpa dada yako fungu lake, kwamba kabla ya Ramadhani ulimpigia simu ukamwomba radhi, naye akasema amekusamehe, lakini mpaka leo hakanyagi kwako. Unauliza ni nani sasa mwenye makosa.

Dada yako simwoni na kosa. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, ametaja masharti matatu ya toba, yaani kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Na dhambi ikigusa haki ya mja, huongezwa la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake. Wewe umeanza na simu, na hizo simu za kuombana radhi, kwa kweli, sisi watu wa Mombasa tumezifanya ada kama kununua tende.

Nasema hivi kwa kuwa nimekaa upande aliokaa dada yako. Ami yetu alisimamia nyumba ya baba Majengo, na kila mama alipoulizia thumuni yake, yaani fungu la mjane la moja ya nane, na mafungu yetu sisi mayatima, ami aliwaambia majirani kwamba mjane yule ana tamaa. Alipotaka kutengeneza, alikuja na daftari, yeye na mama wakalipitia mwezi baada ya mwezi mbele ya mzee wa mtaa, akakubali kulipa kidogo kidogo. Lililomwelemea zaidi ni yale maneno: aliwaendea barazani wale wale aliowaambia, akakiri kwamba alimsingizia shemeji yake, na wapo waliomcheka. Mama aliendelea kumjibu salamu kwa mkato kwa muda mrefu, wala ami hakumwambia hata siku moja, "Si umeshanisamehe?" Hapo ndipo mimi nilipomwamini.

Basi andika hesabu yote. Kwa Sura An-Nisaa, aya ya 11, fungu la mwana wa kiume ni sawa na la wa kike wawili. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya mirathi, na kwenda huko pamoja si kugombana. Ila usimpeleke shangazi wala imamu akambembeleze. Mpe karatasi aikague kwa wakati wake, hata akikuambia urudi baada ya Idi.